Nani Atamwambia Odilia Akiamka

Wanangu mnaovaa sare nyeupe leo, nawaambia mapema ili msisome mkitegemea mwisho mwema: Odilia alikufa. Kama mnatafuta habari za kutia moyo, waendeeni wenzangu wa wodi ya wazazi. Mimi nilifanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukaa kando ya watu waliopewa tiba ya umeme na kusubiri waamke. Sasa nakaa Izia, hapa hapa Sumbawanga, nina mahindi yangu nyuma ya nyumba, na wanafunzi wa uuguzi wanaopita njiani huniamkia shikamoo huku macho yakiwa kwenye simu. Juzi mmoja wao, binti wa jirani, aliniuliza kama ni kweli tulikuwa tunawapiga wagonjwa shoti. Nikamjibu ni kweli. Akaniangalia kama mtu aliyegundua kuwa bibi yake aliwahi kuwa askari jela.

Liondoeni kwanza hilo neno shoti vichwani. Huku kwetu mtu akilisikia anakumbuka waya ulioanguka kwenye mvua na ng'ombe aliyeukanyaga. Venansi, mume wa Odilia, aliniuliza kwa adabu kabisa kama mkewe baada ya tiba ataweza tena kushika jembe, kwa kuwa jembe ni chuma. Sikucheka. Nilimweleza kwamba mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, misuli inalegezwa kwa dawa nyingine, na umeme wenyewe ni mdogo, unapita kichwani kwa sekunde chache tu. Kinachotakiwa ni kile kifafa kifupi unachokiamsha ndani ya ubongo, na kwa sababu ya ile dawa, mara nyingine utakiona kwenye vidole vya miguu tu. Kwa nini kifafa kimtoe mtu kwenye huzuni iliyomfunga mdomo, sijui, na daktari wetu naye alikiri kwamba hakuna anayejua vizuri. Ninachojua ni kwamba nimeona watu walioacha kula na kusema, waliokuwa wakigeuzwa kitandani kama magunia, baada ya wiki chache wakilalamika kwamba mboga haina chumvi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anyisile, muuguzi aliyetoka Mbeya akiwa kijana. Alivaa sweta chini ya sare hata mwezi wa kumi. Kazi aliianza mbali na huku, enzi ambazo tiba ilitolewa kavu, bila usingizi, wauguzi wakimkandamiza mgonjwa mabega na magoti asijivunje. Hakupenda kuisimulia. Aliniambia mara moja tu, tukitandika vitanda, kwamba wale wa zamani hana tena namna ya kuwaomba radhi, kwa hiyo anawaomba kupitia hawa wa sasa.

Somo lake la kwanza lilikuwa mikono. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Sumbawanga, chuma cha kitanda kinauma, na mgonjwa anayerudi kutoka kwenye usingizi ule kitu cha kwanza anachokijua duniani ni mkono wako. Ukiwa wa baridi anashtuka na kuanza kupigana. Basi Anyisile alikuwa akisimama kando ya kitanda, mikono ameiweka kwapani, macho chini, na ndugu wa wagonjwa waliochungulia dirishani wakadhani anasali. Wakamheshimu mno kwa hilo, naye hakuwasahihisha. Mimi nilitumia kikombe cha maji ya moto. Nyie mna glavu, lakini glavu juu ya mkono wa baridi ni baridi vilevile.

La pili alilolishikilia ni kwamba mgonjwa akiamka humuulizi, unamwambia. Nawajua. Mkiona amefumbua macho mnamrukia: unanijua, leo siku gani, hapa ni wapi. Mtu ametoka kwenye ukungu, hata jina lake bado hajalipata, wewe unamfanyia mtihani. Mlaze ubavu, sikiliza pumzi, futa mate, halafu mwambie polepole jina lake, hapa alipo, kwamba amepata tiba na imekwisha, na nani anamsubiri nje. Na mwambie kwa lugha ya kwao. Hapo ndipo Anyisile aliponitegemea mimi, kwa sababu huku kwetu anayeamka Kifipa kinarudi kwanza, Kiswahili kinafuata baadaye, hata kwa msomi. Tuliwahi kuwa na mwalimu mkuu aliyeamka akamwamuru daktari kwa Kifipa akawafungulie ng'ombe, jua limeshapanda. Daktari, ambaye hakuelewa neno, alimpigia makofi kwa kuongea vizuri.

Na kabla ya kumpeleka chumba cha tiba, mkague mwili mzima. Vibanio vya nywele vitoke, mafuta ya nywele yaoshwe hasa pembeni mwa paji la uso, aende haja ndogo, na rozari ivuliwe shingoni. Hiyo rozari mpe mama yake ashike mbele ya macho ya mgonjwa, usiitie mfukoni mwako, la sivyo utaulizwa mambo ya imani ambayo hukuyasomea. Meno ya bandia uyatafute kwa kidole, usitegemee jibu. Mzee mmoja kutoka Muze, kule bondeni kwenye joto, aliyekuja na koti la mvua kwa kuhofia baridi yetu, nilimwuliza kama meno yale ni yake. Akasema ni yake. Nilipoyagusa yakacheza. Nikamtazama, akanijibu kwa utulivu kabisa kwamba ni yake, aliyanunua mwenyewe.

Haya, tumeshacheka. Sasa Odilia.

Alitoka kijiji cha Mwazye, mkulima, mke wa Venansi, mama wa watoto ambao mdogo wao aliitwa Agnesi. Agnesi alikufa kwa homa msimu wa mvua, akiwa ndiyo kwanza ameanza kuimba nyimbo za kanisani kwa maneno yake mwenyewe. Odilia alimlilia kama mama yeyote. Watu wa jumuiya wakasali nyumbani kwake jioni zote za matanga, wakaondoka, na baada ya hapo akaanza kunyamaza kidogo kidogo mpaka akanyamaza kabisa. Kisha akaacha kula. Mama yake mzazi, Mama Kristina, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemleta na ndiye aliyebaki naye wodini. Venansi alikuja na kurudi kwa sababu ya shamba na watoto wengine.

Alipofika alikuwa mwepesi kiasi kwamba nilimwinua peke yangu. Ukimwinua mkono hewani, ulibaki hewani. Tulimpa vidonge kwa muda, havikufika popote, na mwili ulikuwa unakwisha. Daktari akasema tiba ya umeme ianze haraka, la sivyo tutamzika. Nikamweleza Mama Kristina masharti: tangu usiku asile kitu, asinywe kitu, maana akilala kwa dawa na tumboni kuna chakula, kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu. Akaitikia kila neno.

Asubuhi nilimwuliza kama mgonjwa amekula. Akasema hajala. Nilikuwa namfunga Odilia mkanda wa presha nikahisi harufu ya ulezi. Nikainama karibu na mdomo wake, ndiyo, uji. Mama Kristina alikuwa ameficha kikombe kwenye kanga. Hakubisha. Aliniambia kwamba kwao hakuna mgonjwa anayepelekwa kwenye mateso na tumbo tupu, kwa hiyo alfajiri alimwekea kijiko mdomoni kama alivyofanya kila siku bila mafanikio, na siku hiyo, siku hiyo moja, Odilia akameza. Akameza tena. Mama mtu akaona mbingu zimefunguka.

Mgonjwa aliyeletwa kwa sababu hali chakula, tukamnyima tiba kwa sababu amekula. Nilipomwambia Mama Kristina kwamba imeahirishwa, alikaa sakafuni. Hakulia. Alinitazama tu kama mtu anayejaribu kuelewa watu wa aina gani amewakabidhi mwanawe. Na ule uji haukurudia. Siku zilizofuata Odilia alifunga mdomo kama mwanzo. Tangu hapo sikuuliza tena kama mgonjwa amekula. Huku kula ni ugali. Uliza kitu gani kimepita mdomoni, uji, togwa, maji ya dawa, maji ya baraka, taja kimoja kimoja, halafu nusa.

Tiba ikaanza. Mara za kwanza aliamka kimya. Kisha siku moja, nikiwa nimemshika mkono, akafumbua macho na midomo ikacheza. Niliinama. Kwa Kifipa, kwa sauti iliyokauka, aliuliza kama Agnesi ameshakula.

Daktari alifurahi sana. Mgonjwa ameongea. Akaniuliza amesema nini, nikamwambia, na furaha ikamtoka usoni.

Mjue kwamba tiba hii inachukua kumbukumbu za karibuni, hasa saa ile ya kuamka. Nyingi hurudi, baadhi hazirudi. Saa moja au zaidi ikipita Odilia angekumbuka mwenyewe kwamba mtoto amekufa. Lakini katika ukungu ule Agnesi alikuwa hai, yuko mahali fulani, na pengine ana njaa. Nami nilikuwa nimefundishwa kumwambia mgonjwa ukweli, kwa maneno machache, kwa mkono wenye joto. Nikamwambia Agnesi alifariki, na kwamba nampa pole. Alilia kama anayesikia kwa mara ya kwanza. Kwake ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki hiyo hiyo tukafanya tena, akaamka, akauliza tena, nikamwambia tena. Mwili wake ulikuwa unapona. Alianza kunywa uji, kisha kula ugali, akaenda mwenyewe bafuni, alasiri alikaa juani akichambua maharage na wenzake. Na kila asubuhi ya tiba nilimuua mtoto wake upya. Sijui neno jingine la kulitumia. Nilikuwa nikitoka pale naenda kuosha mikono, natazama maji yakitiririka, na narudi kazini kwa sababu kulikuwa na mgonjwa mwingine.

Mama Kristina alikuwa akisikia kilio kutoka kwenye benchi la nje. Siku moja akanisubiri kwenye korido. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika kiganja.

"Mwanangu, sisi tulimzika Agnesi mara moja," akasema. "Wewe unamzika kila wiki."

Akaniomba nimwambie Odilia kwamba mtoto yuko Muze kwa shangazi yake. Ni kwa muda ule wa ukungu tu, alisema, apumzike kidogo, si atakumbuka mwenyewe baadaye? Venansi naye alipokuja akaomba vilevile. Nikakataa. Nikawaeleza kwamba akikumbuka atajua nimemdanganya, na siku nyingine nikimwambia yuko salama, hataniamini, na mgonjwa asiyemwamini anayemwamsha ataiogopa tiba yenyewe. Daktari alikuwa upande wangu. Mpaka leo naamini nilikuwa sahihi, na mpaka leo haijanisaidia kitu.

Mwishowe tukakubaliana jambo moja: Mama Kristina aingie ndani, akae kando ya kitanda, na jibu alitoe yeye. Mimi nilijua atamwambia habari za Muze. Nikajiambia kuwa huyo ni mama, ana haki ambayo mimi sina. Nikampa kikombe cha maji ya moto apashe mikono.

Odilia akafumbua macho. Akamwona mama yake. Akauliza Agnesi yuko wapi. Mama Kristina akafungua mdomo, na shangazi wa Muze hakutoka. Hakuna kilichotoka. Akainamisha macho kwenye kikombe. Odilia akamtazama kwa muda mrefu, kisha akageukia ukutani, bila kilio.

Tiba iliyofuata, mama yake akiwa kando ya kitanda tena, hakuuliza. Wala iliyofuata hiyo. Aliamka, akatazama, akatulia, akaomba maji. Sisi tukapongezana kwamba kumbukumbu imeanza kushika, daktari akasema tunakaribia kumaliza. Siku moja, tukiwa tumekaa juani nyuma ya wodi, nikamwambia Odilia kwamba nimefurahi siku hizi akiamka anakumbuka mambo yake.

Akasema hakumbuki. "Nikiamka namtazama mama usoni," akaniambia. "Akiinama, najua kuna mtu amekufa. Halafu nahesabu watoto."

Niliendelea kukaa pale. Nilikuwa na dawa za kugawa, sikuinuka. Wanangu, mtasoma kwenye vitabu kwamba mgonjwa alipata nafuu, na ni kweli, Odilia alipata nafuu kubwa. Lakini mjue nafuu hiyo wakati mwingine ni mtu kujifunza kuhesabu watoto wake kimya ili nesi asipate taabu ya kujibu.

Alirudi Mwazye. Alilima, alirudi kwaya, alikuja kliniki kuchukua vidonge akiwa amesuka nywele. Mazishi ya Agnesi hayakumrudia kamwe. Aliniambia kuwa kaburi alionyeshwa na watoto wake wengine, nao wakamsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyolia siku ile, naye akawasikiliza kama anasimuliwa habari za jirani. Hata hivyo alikuwa hai. Mwaka ukapita, na kidogo zaidi.

Halafu mashine yetu ikafa. Hakuna aliyeiua. Ilikuwa imezeeka, ikaanza kutoa umeme siku inayotaka, fundi akaja akaifungua, akatikisa kichwa, akaifunga. Tukaomba nyingine. Tukaambiwa tusubiri. Dawa za usingizi zikagawiwa chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi naye akahamia huko, na chumba cha tiba kikawa stoo ya magodoro. Anyisile alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao. Nikawa najua kazi ambayo haipo.

Odilia akaletwa tena mwisho wa msimu wa mvua. Vidonge vilikuwa vimekosekana kwa muda kwenye zahanati ya kwao, na alipovipata tena alikuwa ameshanyamaza. Safari hii alikuwa mwepesi kuliko mara ya kwanza. Tulimlisha kwa mpira wa puani, tukampa vidonge tulivyokuwa navyo, tukamgeuza ubavu huu na ule asipate vidonda. Kifua kikaanza kukoroma. Daktari aliandika rufaa ya kwenda mbali, mahali ambapo tiba ya umeme ingalipo, kisha alipompima tena akasema njia ile ndefu hataimaliza. Venansi aliuliza kama haiwezekani yeye mwenyewe akaifuate mashine kwa gari la mahindi. Hakuwa anatania.

Mama Kristina hakuuliza kitu kwa siku nyingi. Alikaa kando ya mwanawe akimpasha mikono. Kisha mchana mmoja akanifuata mlangoni mwa ile stoo, nikiwa natoa godoro. Akachungulia ndani, akaona magodoro yamepangwa mpaka kwenye dari. Nikamwambia kwamba mashine tunaisubiri bado, kwamba sijui, kwamba sitaki kumficha: mwaka huu sidhani.

"Najua haiji," akasema. "Niambie tu kwamba inakuja."

Nilikuwa nimelikumbatia lile godoro mbele yangu, na nilifurahi lipo, kwa sababu sikujua mikono yangu ingefanya nini. Yule aliyeniomba nilishamkatalia mara moja nikiwa na sababu nzuri, na daktari upande wangu. Safari hii nilizitafuta zile sababu sikuziona. Nikamwambia inakuja. Nikamwambia iko njiani, imeshatoka, na ni mpya.

Alishukuru. Alinishukuru kwa namna ambayo watu wa huku humshukuru mtu mkubwa, akipiga magoti kidogo, yeye mzee kwangu mimi. Akajifunga kanga vizuri, akaanza kurudi wodini. Alipofika katikati ya korido akasimama, akageuka, akaniuliza itafika lini, maana Odilia atataka kujua.